Kijiji cha Eyam, Derbyshire: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Historia, Huduma na Maisha ya Kila Siku

Maswali yafuatayo ndiyo yanayoulizwa zaidi na Waswahili waishio katika miji ya Uingereza, hasa Sheffield na Manchester, pamoja na ndugu zao wanaokuja kuwatembelea na kutaka kuona maisha ya mashambani. Majibu yanahusu kijiji kimoja tu, Eyam, lakini mengi kati ya yale yanayosemwa kuhusu usafiri, shule, matibabu na mabaraza yanavihusu pia vijiji vingine vya England vyenye ukubwa kama huo.

Eyam iko wapi?

Eyam iko katika jimbo la Derbyshire, kwenye mteremko wa mlima, takriban kilomita 20 kusini-magharibi mwa jiji la Sheffield. Jina lake hutamkwa "Iim", kwa silabi moja, na ni vizuri kulitamka hivyo unapomweleza dereva wa basi mahali unapokwenda. Wakazi wake hawafiki 1,000, na nyumba zao nyingi zimejengwa kwa mawe ya kijivu na kujipanga kando ya barabara kuu moja inayokatiza kijiji kutoka mashariki hadi magharibi.

Kijiji kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, iliyotangazwa mwaka 1951 ikiwa ya kwanza nchini Uingereza. Msomaji aliyezoea Serengeti au Tsavo, ambako makazi ya wanavijiji hayaruhusiwi ndani ya mipaka, anapaswa kujua kwamba hifadhi za taifa za England ni maeneo yanayokaliwa na watu. Yana mashamba, shule, viwanda na barabara kuu, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni mali ya watu binafsi na taasisi. Hakuna lango la kuingilia wala kiingilio cha kulipa.

Kwa nini kijiji kidogo kama hiki kinajulikana kiasi hicho?

Kinajulikana kwa sababu ya tauni ya miaka ya 1665 na 1666, na kwa uamuzi uliofanywa na wakazi wake wakati huo, uamuzi ambao mimi nauona kuwa miongoni mwa mambo mazito zaidi yaliyowahi kufanywa na jamii ndogo ya wakulima na wachimba madini ya risasi.

Kwa mujibu wa masimulizi yaliyopokelewa kijijini, mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 1665 furushi la vitambaa lilipelekwa kutoka London, ambako tauni ilikuwa ikiua maelfu, hadi kwa mshonaji nguo wa Eyam aliyeitwa Alexander Hadfield. Msaidizi wake, George Viccars, alilifungua, akakuta vitambaa vina unyevunyevu, akavitandaza mbele ya moto vikauke. Viroboto waliokuwamo walipata joto wakaamka. Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba 1665, na baada yake wakafuata watu wa nyumba hiyo, kisha majirani. Majira ya baridi yalipoingia vifo vilipungua, lakini mwaka 1666 joto liliporudi ugonjwa ulirudi pamoja nalo, tena kwa nguvu zaidi.

Kasisi wa kijiji, William Mompesson, alikuwa kijana mgeni ambaye bado hajakubalika kwa wengi. Aliyemtangulia, Thomas Stanley, alikuwa ameondolewa madarakani kwa kukataa taratibu mpya za ibada zilizowekwa na serikali baada ya ufalme kurejeshwa, na watu wengi walikuwa bado upande wake. Mwezi Juni 1666 wawili hawa, waliokuwa na kila sababu ya kutosikilizana, walisimama pamoja mbele ya watu na kupendekeza mambo matatu: kila familia izike wafu wake yenyewe karibu na nyumbani badala ya kuwapeleka makaburini; ibada zifanywe nje, katika bonde la Cucklet Delf, ili watu wasibanane kanisani; na asiwepo mtu yeyote wa kuvuka mpaka wa kijiji, kutoka wala kuingia, mpaka ugonjwa uishe. Wakazi walikubali. Mwenye jumba la Chatsworth, Earl (cheo cha kikabaila) wa Devonshire, alipeleka chakula na dawa mpaka kwenye mipaka, na vijiji jirani navyo vikafanya hivyo.

Inafaa isemwe wazi kwamba si wote waliobeba mzigo sawa. Baadhi ya wenye uwezo walikuwa wameondoka mapema, na watoto wawili wa Mompesson mwenyewe walipelekwa kwa jamaa kabla ya mpaka kufungwa. Hata hivyo mke wake, Catherine, alibaki kuhudumia wagonjwa, akafariki mwezi Agosti 1666. Idadi ya waliokufa hutajwa kuwa takriban watu 260. Wanahistoria hawakubaliani kuhusu idadi ya watu waliokuwapo kabla ya tauni: wengine hutaja watu kama 350, wengine zaidi ya 700, na kwa hiyo hawakubaliani pia kama kijiji kilipoteza robo tatu ya watu wake au kiasi cha theluthi. Jambo lisilobishaniwa sana ni kwamba miji ya karibu haikuambukizwa. Kifo cha mwisho kilitokea tarehe 1 Novemba 1666.

Ni mambo gani ya kihistoria yanayoweza kuonekana leo?

Anza na kanisa la Mtakatifu Lawrence, ambalo kwa kawaida huwa wazi mchana. Kaburi la Catherine Mompesson liko uani, na karibu nalo pamesimama msalaba wa mawe wa karne ya 8, uliochongwa na Wasaksoni, mkongwe kuliko kanisa lenyewe. Kwenye ukuta wa kusini kuna saa ya jua ya mwaka 1775, yenye mistari mingi kuliko inavyohitajika kwa kusoma saa peke yake. Simama mbele yake siku ya jua na uichunguze taratibu.

Magharibi mwa kanisa, hatua chache tu, ziko nyumba za tauni, ikiwamo ile ambamo furushi la vitambaa lilifunguliwa. Mbele ya nyumba hizo yamewekwa mabango ya kijani yenye majina ya waliofia humo. Kwenye nyumba iitwayo Rose Cottage bango linaitaja familia ya Thorpe, ambayo watu wake tisa walikufa wote. Mbele zaidi kuna Eyam Hall, jumba la mawe la karne ya 17 lililojengwa na familia ya Wright miaka michache tu baada ya msiba.

Makumbusho ya kijiji yalifunguliwa mwaka 1994 katika barabara ya Hawkhill, na juu ya paa lake pana kielekezi cha upepo chenye umbo la panya. Hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo anayepanga safari kati ya Novemba na Machi athibitishe kwanza kabla ya kuwapeleka watoto. Ndani, habari za tauni zimepangwa kwa majina ya watu na familia zao, na nadhani hilo ndilo linalowafanya wageni watoke wakiwa wamenyamaza.

Mambo mawili yanahitaji mwendo wa miguu. La kwanza ni jiwe la mpaka, lililoko kwenye njia ya kuteremka kwenda kijiji cha Stoney Middleton. Ni bonge la mwamba lililolala kwenye nyasi, nalo lina matundu sita juu yake. Wakazi wa Eyam waliweka sarafu ndani ya matundu hayo wakazimwagia siki, wakiamini kwamba siki huua ugonjwa, na watu wa Stoney Middleton wakaacha chakula na kuchukua fedha. Kingo za matundu zimelainika kwa vidole vya watu wa vizazi vingi, na watalii bado huacha sarafu ndogo humo. La pili ni makaburi ya Riley, upande wa mashariki, ambako ukuta mdogo wa mviringo unazunguka makaburi ya familia ya Hancock katikati ya shamba. Mwezi Agosti 1666 Elizabeth Hancock aliwazika hapo mume wake na watoto sita katika muda wa siku nane, peke yake, kwa sababu ndivyo agizo la kijiji lilivyotaka.

Je, nyumba za tauni ni sehemu ya makumbusho? Naweza kuingia?

Hapana. Ni nyumba za watu, wanaolala humo, wanaopika humo, na ambao kila siku hupita mbele ya bango lenye majina ya wafu ili kufika mlangoni kwao. Soma bango ukiwa njiani, piga picha ya nje ikiwa ni lazima, lakini usiegemee ukuta, usichungulie dirishani, na usiwaruhusu watoto kupanda vizingiti. Mtu akitoka, msalimie. Salamu fupi na neno moja kuhusu hali ya hewa vinatosha. Naliweka jambo hili peke yake kwa sababu ndilo linalosahaulika kwa urahisi zaidi: kijiji chenye historia kubwa bado ni kijiji, na mwenyeji wake hana tofauti na mwenyeji wa Mji Mkongwe wa Zanzibar anayechoka kuona kamera mlangoni kwake.

Nitafikaje bila gari?

Yapo mabasi yanayounganisha Eyam na Sheffield pamoja na miji ya karibu kama Bakewell, lakini usitarajie basi la kila baada ya dakika kumi. Katika vijiji vya England basi moja linaweza kuachana na jingine kwa saa nzima au mbili, jioni huduma hukatika mapema, na Jumapili huwa chache zaidi. Kanuni ninayowapa wageni wote ni kujua saa ya basi la mwisho la kurudi kabla ya kupanda basi la kwanza la kwenda. Ratiba hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo iangalie wiki ileile ya safari. Nauli si mzigo mkubwa, kwani tangu Januari 2025 serikali imeweka kikomo cha pauni 3 kwa safari moja katika mabasi mengi ya England.

Treni haifiki kijijini. Kituo cha karibu ni Grindleford, kiasi cha kilomita 5 kutoka Eyam, kwenye reli inayounganisha Sheffield na Manchester. Kutoka hapo mtembeaji mwenye viatu imara anaweza kwenda kwa miguu, ingawa njia ina mpando mkali. Asiyeweza apange teksi mapema kwa simu, maana hakuna teksi zinazosubiri abiria kituoni kama mjini.

Anayekuja na gari atakuta maegesho ya kulipia karibu na makumbusho. Barabara za kijiji ni nyembamba, na kuegesha mbele ya lango la mtu ni kosa ambalo wenyeji hawalivumilii, kwa sababu lango hilo huenda ndilo njia pekee ya trekta kufika shambani.

Kijijini kuna huduma gani?

Kwa ukubwa wake, Eyam ina bahati. Kuna duka dogo la mahitaji ya kila siku, vyumba vya chai, baa moja ya zamani iitwayo Miners Arms, kliniki ya madaktari wa familia, shule ya msingi, kanisa, uwanja wa michezo ya watoto, na jengo la mikutano. Vijiji vingi vya England vyenye idadi kama hii ya watu vimepoteza nusu ya vitu hivyo katika miaka arobaini iliyopita: kwanza huondoka benki, kisha posta, kisha duka, na mwishowe shule hukosa wanafunzi. Benki haipo Eyam, na petroli inunuliwe kabla ya kufika.

Kwa manunuzi makubwa wakazi huenda Bakewell, mji mdogo wenye soko kila Jumatatu, au Sheffield. Duka la kijiji ni ghali kidogo kuliko duka kubwa la mjini, na hilo halishangazi kwa kuwa hununua bidhaa kidogokidogo. Mgeni anayekuja na chakula chote kutoka mjini, akaegesha, akapiga picha na kuondoka, hajakiachia kijiji chochote zaidi ya moshi wa gari. Ukinywa chai hapo na kununua maziwa na mkate, umesaidia duka kubaki wazi mwezi wa Januari, wakati mzee asiye na gari hana pengine pa kununua.

Jengo la mikutano linastahili maneno yake ya ziada. Huitwa Mechanics' Institute, na asili yake ni chama cha mwaka 1824 kilichowekwa kwa ajili ya kuwaelimisha wafanyakazi wa kawaida. Jengo la sasa, lenye nguzo mbele ya mlango, ni la mwaka 1859 na lilipanuliwa mwaka 1894. Zamani lilikuwa na maktaba ambayo wachimba madini na washona viatu walichangia ada ili waazime vitabu. Leo ni ukumbi wa kijiji, mahali pa mikutano, mazoezi na shughuli za jumuiya. Anayehamia kijiji chochote cha England na kutaka kujuana na watu asisubiri kualikwa nyumbani, kwa sababu mwaliko huo huchelewa sana. Aende ukumbini, asome matangazo yaliyobandikwa mlangoni, na ajitolee kupanga viti au kuosha vikombe. Huko ndiko urafiki unakoanzia.

Mimi ni Mwislamu, na sinywi pombe. Je, baa ni mahali pangu, na swala na chakula itakuwaje?

Baa ya kijiji cha England hufanya kazi za mgahawa, sebule na baraza kwa pamoja. Watu huingia kula chakula cha mchana, kupumzika baada ya matembezi au kukutana na jirani, na kuagiza chai, kahawa au maji ya matunda hakumshangazi mtu. Uamuzi wa kukaa mahali panapouzwa pombe ni wa dhamiri ya kila mmoja, na asiyeridhika nao atapata chai na chakula katika vyumba vya chai bila tatizo lolote.

Nyama ya halali usitarajie kuipata kijijini. Samaki, mayai na vyakula vya mboga vipo. Misikiti na bucha za halali ziko Sheffield, jiji lenye jumuiya kubwa za Wayemeni na Wasomali. Kwa swala ya njiani, kibla ni upande wa kusini-mashariki, na uwanja wowote wa wazi kando ya njia ya umma unatosha. Zingatia nyakati: mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa 3:40 usiku na kuchomoza kabla ya saa 11 alfajiri, ilhali mwishoni mwa Desemba huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Aliyekulia karibu na ikweta hulisikia jambo hili mara nyingi kabla ya kusafiri, lakini halielewi mpaka adhuhuri, alasiri na magharibi zimkute ndani ya saa nne.

Nikiugua nikiwa kijijini nifanye nini?

Kwa hatari ya maisha, piga 999. Kwa ugonjwa usio wa dharura unaohitaji ushauri, piga 111, namba isiyotozwa malipo inayofanya kazi usiku na mchana. Hospitali zenye idara ya dharura zilizo karibu ni Northern General ya Sheffield na Chesterfield Royal, zote zikiwa mwendo wa gari wa zaidi ya nusu saa, na ambalansi nayo inaweza kuchukua muda kufika. Kwa sababu hiyo vijiji vingi vya England vina mashine ya kushtua moyo iliyowekwa ukutani, na mara nyingine ndani ya kibanda cha zamani cha simu. Mtoa huduma wa 999 atakueleza mashine iliyo karibu iko wapi na jinsi ya kufungua kasha lake. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na mafunzo, na inatoa maelekezo kwa sauti, kwa hiyo usiogope kuitumia.

Anayehamia anapaswa kujiandikisha kwa daktari wa familia mapema, kabla hajaugua. Kujiandikisha ni bure, na kwa mujibu wa kanuni za NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, mtu hapaswi kukataliwa kwa sababu tu hana kitambulisho au uthibitisho wa anwani. Matibabu ya hospitali ni suala jingine: mgeni mwenye viza ya matembezi anaweza kutozwa, na bima ya safari ni jambo la lazima kwa mzazi mzee anayekuja kuwatembelea watoto wake.

Watoto watasoma wapi?

Shule ya msingi iko kijijini na ina uhusiano na Kanisa la England, lakini hupokea watoto wa dini zote. Mtoto huanza darasa la awali mwezi Septemba baada ya kutimiza miaka minne. Sekondari ya eneo hili iko katika kijiji cha Hope, na wanafunzi husafiri kwa basi. Maombi ya nafasi hupelekwa kwa halmashauri ya jimbo la Derbyshire, si kwa mwalimu mkuu, na tarehe za mwisho ni 15 Januari kwa shule ya msingi na 31 Oktoba kwa sekondari, katika mwaka wa masomo unaotangulia. Mtoto wa miaka minane au zaidi anayeishi zaidi ya maili 3 kutoka shule ya karibu inayomfaa ana haki ya usafiri wa bure.

Katika shule ya kijiji mtoto wako huenda akawa mweusi peke yake darasani, na wazazi wengi huliulizia hili kwa sauti ya chini. Shule ndogo ina faida ya walimu kumjua kila mtoto na kila mzazi kwa jina, na ina gharama yake, kwani mtoto hatapata huko wenzake wanaofanana naye wala wanaozungumza lugha ya nyumbani. Ushauri wangu ni kutolifumbia macho: mzungumze na mwalimu mapema, na mpange siku za kukutana na familia za Waswahili mjini, mara kwa mara na kwa ratiba.

Nani anakiongoza kijiji?

Madaraka yamegawanyika kwa namna inayowachanganya hata Waingereza wenyewe. Baraza la parokia, ambalo licha ya jina lake si chombo cha kanisa, ndilo la chini kabisa na hushughulikia mambo kama viwanja, mabenchi na matangazo. Halmashauri ya wilaya ya Derbyshire Dales huzoa taka na kukusanya kodi ya makazi. Halmashauri ya jimbo huangalia barabara, shule na huduma kwa wazee. Vibali vya ujenzi hutolewa na mamlaka ya hifadhi ya taifa, nayo ni kali: kubadili dirisha au paa katika nyumba ya zamani kunaweza kuhitaji idhini.

Mikutano ya baraza la parokia huwa wazi kwa umma kwa mujibu wa sheria. Mkazi mpya akihudhuria mmoja tu ataelewa mambo yanayowakera na kuwaunganisha majirani zake kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Naweza kuhamia na kupata kazi?

Nyumba ni chache na ghali, kwa kuwa ujenzi mpya unabanwa na sheria za hifadhi na baadhi ya nyumba zilizopo zimegeuzwa kuwa za kupangisha watalii. Nyumba za bei nafuu hutengwa kwanza kwa watu wenye uhusiano wa muda mrefu na eneo. Kwa hiyo vijana waliozaliwa humo nao hulazimika kuhama, na hili ni tatizo ambalo wenyeji hulizungumza kwa uchungu.

Kazi zilizopo ni za utalii, mashamba, machimbo ya mawe na uangalizi wa wazee. Wenzetu wengi walikuja Uingereza kwa njia ya kazi za uangalizi, lakini tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi tena kuleta wahudumu wapya moja kwa moja kutoka ng'ambo. Mtu yeyote anayekuahidi nafasi hiyo kwa malipo kutoka Nairobi au Dar es Salaam anataka kukuibia.

Anayefanya kazi ya zamu kijijini hawezi kutegemea basi. Leseni ya udereva ya Tanzania au ya Kenya hutumika kwa miezi 12 tangu siku ulipokuwa mkazi, na baada ya hapo ni lazima uwe umefaulu mtihani wa Uingereza. Uendeshaji ni wa kushoto kama nyumbani, lakini barafu ya Januari kwenye mteremko haina mfano wake kwetu.

Ni wakati gani mzuri wa kutembelea?

Mwishoni mwa Agosti, bila kusita. Wiki hiyo visima vya kijiji hupambwa kwa desturi inayopatikana hasa Derbyshire. Mbao kubwa hulowekwa majini, zikajazwa udongo wa mfinyanzi, kisha mchoro huhamishiwa juu ya udongo kwa kutobolewa kwa ncha kali. Wakazi huketi kuzunguka meza kwa siku kadhaa wakibandika petali moja moja, pamoja na mbegu, kuvumwani na magome ya miti. Petali hupangwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikiilalia ya chini yake, ili maji ya mvua yateleze bila kupenya. Picha ikimalizika husimamishwa kisimani, na baada ya siku chache rangi huanza kufifia na udongo kupasuka, ndipo huondolewa. Ukipata nafasi ya kuona kazi ikiendelea kabla ya kusimamishwa, usiiache.

Jumapili ya mwisho ya Agosti hufanyika ibada ya kumbukumbu ya tauni katika bonde la Cucklet Delf, palepale walipokusanyika watu wa mwaka 1666. Mgeni wa dini yoyote anaweza kusimama na kusikiliza.

Natakiwa kujua nini kabla ya kutembea mashambani?

England ina mtandao mkubwa wa njia za umma zinazopita katikati ya mashamba ya watu binafsi, na kila mtu ana haki ya kuzipita maadamu habanduki njiani. Haki hizi zilidaiwa kwa jasho: tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, walipanda mlima Kinder Scout, uliomo katika hifadhi hiihii, wakijua wazi kwamba wamekatazwa, na baadhi yao walifungwa jela. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge tena. Ulilolikuta wazi, liache wazi. Usipite kati ya ng'ombe na ndama wake. Majira ya kuchipua ni wakati wa kondoo kuzaa, na mbwa lazima afungwe kamba.

Na nikiumia au kupotea mlimani?

Piga 999, uombe polisi, kisha useme unahitaji waokoaji wa milimani. Vikosi hivyo ni vya watu wa kujitolea, wanaoacha kazi na vitanda vyao bila malipo, na aliyeokolewa hatozwi chochote. Mtandao wa simu hukatika mabondeni, kwa hiyo jiandikishe mapema kutumia 999 kwa ujumbe mfupi, kwa kutuma neno "register" kwenda namba hiyohiyo, kwani ujumbe unaweza kupenya pale ambapo sauti haipiti. Beba ramani ya karatasi, koti la mvua hata kukiwa na jua, tochi, na filimbi: ishara ya kuomba msaada ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, halafu milio sita tena mpaka ujibiwe.